Boma la Mikindani: ni la Wareno, la Waarabu au la Wajerumani?

SWALI: Ndugu Mhariri, kila tunapopita Mikindani na kuliona lile jengo jeupe la zamani lililoinuka juu ya mji, nyumbani huzuka ubishi. Mjomba hushikilia kwamba ni ngome ya Wareno, ilhali bibi husema ni kazi ya Waarabu, kwa kuwa mlango wake una nakshi. Naomba kufahamishwa lilijengwa na nani, na kwa nini kuta zake ni nene kiasi kile.
Msomaji, Shangani, Mtwara

JIBU: Ndugu msomaji, mjomba amekosea, na bibi amekosea nusu tu. Boma hilo lilijengwa na Wajerumani mwaka 1895, miaka mitano baada ya majeshi ya kamanda wao, Hermann von Wissmann, kuuteka mji, yakizima upinzani wa watu wa pwani ambao mwaka 1888 walikuwa wamewafukuza mawakala wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Watawala hao walijenga wakiwa na hofu bado, na ndiyo maana ofisi yao ina mnara na imewekwa mahali panapoiona ghuba yote. Neno boma lenyewe, ambalo asili yake ni uzio wa kujilinda, likaja kumaanisha ofisi ya serikali, hata wazee wakawa wanasema wanakwenda bomani kumbe wanakwenda kulipa kodi.

Bibi ana haki kwa upande wa ufundi. Amri ilikuwa ya Mjerumani, lakini mawe ni matumbawe ya pwani hii hii na kilichoyashikanisha ni chokaa, inayopatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya rundo la magogo na kisha kuilowesha. Mlango wa nakshi nao ni desturi ya waswahili wa pwani nzima, kwa hiyo hauthibitishi kwamba mwenye nyumba alikuwa Mwarabu.

Unene wa kuta unatokana na vifaa hivyo. Chokaa haina nguvu za saruji, na ukuta wa namna hiyo hauna nondo ndani yake, basi ghorofa hubebwa na uzito na upana wa ukuta wenyewe. Faida yake ni kwamba jua la mchana huchelewa kupenya. (Wanaoziba nyufa za nyumba kongwe kwa saruji wangefanya vyema kuacha, kwa sababu unyevu na chumvi hukosa njia ya kutokea, na plasta hubanduka vipande vipande.)

Waingereza walilirithi jengo hilo baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, lakini mpango wao wa kulima karanga kwa wingi ulipoanzisha ujenzi wa bandari ya kina kirefu Mtwara mwishoni mwa miaka ya 1940, Mikindani ilipoteza nafasi yake. Baadaye taasisi ya hisani ya Uingereza, Trade Aid, ililikarabati Boma likawa hoteli.