Kabla ya Kufungua Injini ya Vespa ya Zamani, Isome Kwanza Oili ya Giaboksi

Wenye skuta za Vespa wengi hapa Unguja huikumbuka oili ya giaboksi siku ambayo chombo kimeshaanza kutoa moshi mzito, au breki ya nyuma imeacha kushika. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiziendesha na kuzitengeneza Vespa za PX, aina ambayo watengenezaji wake, Piaggio wa Italia, walianza kuiuza mwaka 1977, na ushauri ninaoutoa kila mara ni kwamba oili hiyo ichunguzwe kwa utulivu kabla mtu hajanunua spea yoyote. Kiasi chake, harufu yake na rangi yake hueleza sehemu kubwa ya kinachoendelea ndani, na uchunguzi wenyewe haugharimu zaidi ya oili mpya na washa mpya ya bolti ya kumwagia.

Ili dalili zieleweke, ni lazima kwanza ieleweke kwamba injini ya tustroki, yaani ile inayochoma oili pamoja na petroli, ina oili mbili zisizopaswa kukutana. Ya kwanza ni ile inayochanganywa na petroli, ambayo kwa PX ni asilimia 2, yaani mililita 20 kwa kila lita. Hiyo hupita katika chumba cha krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni), hulainisha pistoni na silinda, kisha huungua na kutoka kwenye eksozi. Ya pili ni ya giaboksi, mililita 250 za SAE 30 (kipimo cha uzito wa oili), ambayo hulainisha gia na klachi, na haikusudiwi kuungua hata tone. Kinachotenganisha vyumba hivyo viwili kwenye krenki ni sili moja, yaani pete ya mpira inayozuia oili na hewa kupita, iliyoko upande wa klachi. Pistoni inapopanda, chumba cha krenki huvuta, inaposhuka, husukuma. Kwa hiyo sili hiyo ikichakaa inaweza kupitisha oili ya giaboksi kuelekea kwenye moto, au kupitisha petroli kuelekea kwenye gia, na ndiyo sababu ugonjwa mmoja huonyesha sura mbili zinazopingana.

Uchunguzi wangu huanza kwa kupima. Endesha chombo dakika chache mpaka injini ipate moto, kisimamishe wima mahali tambarare, weka bakuli safi chini ya injini, fungua bolti ya kumwagia iliyo chini ya injini pamoja na ile ya kujazia yenye maandishi OLIO (oili kwa Kiitaliano), kisha acha oili itoke mpaka matone yakome kabisa. Usiwe na haraka hapo, kwa maana oili inayobaki ndani itakupotosha katika hesabu. Imimine oili hiyo katika chupa yenye alama za mililita. Chupa ya kunyonyeshea mtoto inafaa sana, mradi isirudi tena kwa mtoto. Ikitoka kiasi kinachokaribia 250, bila harufu ya petroli, giaboksi haipotezi wala haipokei kitu. Ikitoka 150 ilhali uliweka 250 na hakuna tone lililoonekana chini ya chombo, oili hiyo imeungua. Ikitoka zaidi ya ulichoweka, kuna kitu kimeingia, na kitu hicho karibu kila mara ni petroli au maji.

Oili inapopungua bila kuvuja nje, angalia eksozi na plagi. Moshi kidogo wakati wa kuwasha asubuhi ni jambo la kawaida kwa tustroki, na haupaswi kumtia mtu hofu. Moshi wa kutiliwa shaka ni ule mweupe na mzito unaoendelea hata baada ya injini kupata moto, hasa unapoongeza mafuta baada ya kushuka mteremko kwa muda mrefu huku mkono wa mafuta umefungwa, kwa kuwa wakati huo chumba cha krenki kilikuwa kikivuta kwa nguvu. Plagi nayo hutoka imelowa na nyeusi. Hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha. Nimeona Vespa iliyobadilishiwa kabureta, kisha pistoni na ringi zake, na moshi ukabaki vilevile, kwa sababu hakuna aliyefikiria kupima oili ya giaboksi. Kama kiwango kinashuka wiki baada ya wiki, kabureta haihusiki na pistoni haihusiki.

Sura ya pili ni ya hatari zaidi kwa gia zenyewe. Oili hutoka nyingi kuliko ilivyowekwa, nyepesi mno, na ukiinusa unapata petroli waziwazi. Dondosha tone moja kwenye kipande cha gazeti na tone la oili mpya pembeni yake: ile yenye petroli husambaa haraka na kuacha duara pana lililofifia. Lipo pia jaribio jingine ninaloliamini. Injini ikiwa inanguruma taratibu bila gia, fungua bolti ya kujazia na uzibe tundu kwa kiganja, ukijihadhari na matone ya moto. Pumzi hafifu si kitu, kwa maana hewa ya ndani hupanuka kwa joto. Lakini ukihisi msukumo unaopiga kwa kufuata mapigo ya injini, mgandamizo wa chumba cha krenki unapenya kwenye giaboksi, na sili imekwisha. Kabla ya kuhukumu, hata hivyo, chunguza pia sindano ya floti ndani ya kabureta, ile inayokata petroli kabureta ikijaa, na koki ya tangi. Koki ikiachwa wazi usiku na sindano haifungi sawasawa, petroli hujaa katika chumba cha krenki mpaka ikatafuta njia, na hapo sili iliyochoka kidogo tu huonekana kama imekufa kabisa. Funga koki kila unapoegesha kwa wiki moja, kisha pima tena.

Sili ya upande wa pili, ule wa sumaku, isichanganywe na habari hii. Ikichakaa, huingiza hewa, na matokeo yake ni mzunguko wa injini kupanda wenyewe bila kushuka na injini kupata joto kupita kiasi, huku oili ya giaboksi ikibaki ilivyo.

Oili yenye rangi ya maziwa au chai ya maziwa ina maji. Katika masika, barabara zinapojaa maji nasi tukapita humohumo, jambo hili hutokea mara kwa mara, na pia kwa wale wanaooshesha injini kwa mashine ya msukumo mkubwa. Mwaga, weka oili mpya ya bei ndogo ya SAE 30, endesha kilomita chache, mwaga tena, kisha weka ile utakayobaki nayo. Usiache maji humo hata siku kadhaa, kwa kuwa beringi hushika kutu kabla mwenye chombo hajasikia mlio wowote.

Kuhusu chembechembe, unga laini wa kijivu unaotuama ndani ya bakuli la oili ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyong'aa ambavyo unaweza kuvishika kwa vidole ni jino la gia au beringi inayovunjika, na hapo injini ifunguliwe bila kuahirisha. Gia inayochomoka yenyewe unapoongeza mafuta, ilhali oili ni safi na kiwango ni sahihi, haitibiwi kwa oili nzito. Angalia nyaya za gia, kisha kipande chenye umbo la msalaba kinachoshika gia ndani, ambacho kingo zake huliwa kwa matumizi. Klachi inayoteleza mara tu baada ya kubadili oili inaashiria kwamba umeweka oili ya gari yenye viungo vya kupunguza msuguano, ambavyo ni adui wa klachi inayozama katika oili.

Kuna uvujaji mmoja ambao siukubali kuahirishwa hata kwa safari ya kwenda dukani. Sili ya ekseli ya nyuma ikishindwa, oili huingia katika ngoma ya breki na kulowesha breki shuu, na utaiona kama michirizi myeusi kwenye rimu. Mtu anaweza kuendelea kuendesha akidhani breki imelegea tu na kukaza waya, mpaka siku atakapoihitaji kwa haraka ikamnyima. Kwa PX sili hii hubadilishwa kwa kuvua ngoma, bila kupasua injini. Ila kama giaboksi ilikuwa imejaa kupita kiasi kwa sababu ya petroli, tengeneza chanzo hicho kwanza, la sivyo sili mpya nayo haitadumu. Breki shuu zilizolowa ninapendekeza zibadilishwe. Kuzisafisha kwa petroli huondoa mng'ao wa juu tu.

Sili ya krenki upande wa klachi, kwa upande wake, haifikiwi mpaka injini ipasuliwe nusu mbili, na kwa hiyo nasisitiza uhakika kabla ya kazi hiyo. Ikishapasuliwa, badilisha sili zote, gasketi zote na beringi za krenki kwa pamoja, kwa maana krenki inayocheza ndani ya beringi iliyochoka hutafuna sili mpya kwa muda mfupi. Oili chafu usiimwage ardhini. Visima vyetu viko katika mawe ya matumbawe, ambayo hupitisha kila kinachomwagwa juu yake.

Injini ikishafungwa, jaza oili mpaka ifike ukingo wa tundu chombo kikiwa wima, na usishangae moshi ukiendelea kwa siku kadhaa. Oili iliyokuwa ikiungua kwa miezi imekusanyika ndani ya eksozi, nayo itaendelea kuungua mpaka iishe. Usimlaumu fundi kwa moshi huo. Pima kiwango cha giaboksi baada ya wiki mbili, na kama hakijashuka, sili inafanya kazi yake.