Kwa mnaoanza kasualti: kichwa kilichokuja ghafla si cha Panadol

Wadogo zangu mnaoripoti kasualti hapa Mombasa karibuni, na kabla hamjazama kwenye malaria na ajali za bodaboda acheni niwaambie kuhusu aneurizimu, maana inapita mlangoni na watu wanaiangalia hivi hivi.

Mshipa wa damu ukiwa na mahali padhaifu unafura pale pale kama tyubu ya baiskeli, hiyo ndiyo aneurizimu, basi. Kichwani mara nyingi ni pale mishipa inapogawanyika chini ya ubongo. Watu kama 3 kwa kila 100 wanatembea nayo na hawana habari, na wengi wao haitawasumbua maisha. Balaa ni ikipasuka.

Sasa tulieni hapa. Mtu anakuja analia kichwa, wewe unakimbilia mashini ya presha, unakuta 190, unaandika presha, unampa vidonge na Panadol arudi zake Kisauni akalale. Hapana! Damu ikivujia ubongoni presha nayo hupanda. Na usimuulize kama kinauma sana, nani atakwambia hakiumi? Muulize "mama, ulikuwa wafanya nini hasa kilipoanza?" Wa malaria atakwambia aah, tangu jana jioni hivi, kilikuja polepole. Huyu mwengine anakupa mpaka dakika yenyewe, nilikuwa nimeinama nafunga kufuli ya duka pale Kongowea nikasikia paa! kisogoni, nikatapika hapo hapo. Kichwa kinachofika mwisho wa ukali ndani ya dakika moja mimi nahesabu ni damu mpaka skani inikatalie. Angalia shingo kama imekakamaa, halafu mmulike macho, ukiona kope moja imeanguka na mboni ya jicho hilo imetanuka kuliko mwenzake basi usikae chini, huenda aneurizimu inabana neva ya jicho. Watu wake wakisema ni jini msibishane, waacheni wasome dua huku nyinyi mnasukuma kitanda kwenda siti skani.

Skani ikipigwa ndani ya masaa 6 damu huonekana karibu kila mara. Amechelewa na skani imetoka safi? Bado hujamaliza, yapimwe maji ya uti wa mgongo, yakishapita masaa 12 tangu kichwa kianze.

Rifa, yaani kumpeleka hospitali yenye wapasuaji wa ubongo, pigeni simu mapema, msingoje kesho, kwa sababu hatari ya kupasuka tena ni kubwa zaidi masaa 24 ya kwanza. Huko watachagua. Ama wafungue fuvu wabane shingo ya ule uvimbe na klipu, kazi aliyoianza Walter Dandy kule Marekani 1937, ama wapitishe mrija mwembamba kinenani mpaka kichwani waujaze uvimbe koili, yaani nyuzi laini za platinamu zilizojikunja, hii ni ya Guido Guglielmi, 1990. Koili haina kufungua kichwa na ndio watu wanaipenda, lakini uvimbe unaweza kujaa damu tena kwa hivyo mgonjwa lazima arudi apigwe picha.

Mkibaki na mgonjwa wodini, nimodipini, dawa ya kuulinda ubongo mishipa ikijikaza, ni 60 mg kila masaa 4 kwa siku 21, hata saa nane usiku mwamsheni. Familia huona opresheni imeenda vizuri wakaanza kupanga biriani ya kumpokea, waambieni mapema kwamba kuanzia siku ya 4 mpaka ya 14 tangu damu ivuje mishipa ya ubongo hujikaza na mtu aliyekuwa aongea vizuri anaweza kupooza upande.

Na aneurizimu ya tumboni msiisahau, maumivu yake hufanana na ya mawe ya figo. Mzee wa miaka 70, mvuta sigara, eti mawe ya figo kwa mara ya kwanza maishani? Mimi siamini mpaka nione aota yake, ule mshipa mkubwa wa damu utokao moyoni, kwa ultrasaundi. Upana wake ukifika sentimita 3 ni aneurizimu, ya kufuatilia tu kama haina maumivu, kwa mwanamume 5.5 ndio huongelewa opresheni. Lakini huyu wenu mwenye maumivu na presha inashuka msianze kupima pima, mwiteni daktari wa upasuaji saa hiyo hiyo.