Kumpima mgonjwa wa kiharusi kwa maswali machache

Nikiwa mtaalamu wa fiziotherapia hapa Mwanza, nawashauri wenzangu wanaohudumia wagonjwa wa kiharusi wasiliogope dodoso la kompyuta, ila wajue linavyofanya kazi kabla ya kulitegemea. Mgonjwa aliyeteremshwa na vijana kutoka vilima vya Igogo, au aliyesafiri kwa meli kutoka Nansio, hufika kliniki akiwa amechoka, na ukimrundikia maswali utapima uchovu wake badala ya uwezo wake.

Mfumo kama PROMIS, wa kupima afya kwa majibu ya mgonjwa mwenyewe, ulioanza kutengenezwa Marekani mwaka 2004, una hazina kubwa ya maswali, na ugumu wa kila swali umekadiriwa kutokana na majibu ya watu wengi. Programu huanza na swali la wastani. Mgonjwa akisema analimudu jambo hilo bila shida, linalofuata huwa gumu zaidi, na akisema hawezi, huletewa jepesi, mpaka makadirio ya uwezo wake yatulie. Kwa kawaida maswali 4 hadi 12 yanatosha. Faida yake naiona hasa kwa waliokwisha kupata nafuu, kwa sababu kipimo cha Barthel cha mwaka 1965, kinachopima kujitegemea katika shughuli za kila siku, kina vipengele 10 tu na hakiendi mbali zaidi ya kupanda ngazi, hivyo mvuvi wa Kirumba anaweza kupata alama zote 100 na bado ashindwe kuvuta wavu.

Shida huanzia kwenye maswali yenyewe. Ukimwuliza bibi wa hapa kama anaweza kusafisha zulia kwa mashine, atakushangaa, nawe utatamani kulibadilisha swali papo hapo liwe la kufagia uwanja. Usifanye hivyo, kwani alama hutokana na ugumu uliopimwa wa swali lile lile. La kufagia liandike pembeni, litakusaidia kupanga mazoezi. Vivyo hivyo kwa wanaohitaji kutafsiriwa kwa Kisukuma: kubalianeni mapema maneno yatakayotumiwa na wote.

Jambo lingine ni nani anayejibu. Mzee mmoja nilimwuliza kama anaweza kufunga vifungo vya shati, na kabla hajafungua kinywa mwanawe akadakia, “Baba anaweza, daktari.” Mzee akautazama mkono wake wa kulia uliolala pajani, akasema, “Mama yako ndiye hunifunga.” Mwache mgonjwa ajibu mwenyewe; lakini kama kiharusi kimemwondolea usemi, amsemee anayeishi naye, awe yule yule kila mara, na jina lake liandikwe kwenye faili.

Katika PROMIS alama 50 ni wastani wa watu wa Marekani, kwa hiyo mlinganishe mgonjwa na alama zake za awali. Wala dodoso halikuondolei kazi ya kumshika na kumchunguza: jinsi bega na vidole vinavyojongea bado utaipima kwa Fugl-Meyer, kipimo cha mjongeo baada ya kiharusi, chenye alama 66 za mkono.