Kadi 68 ni nyingi: shusha hadi 60

Umeuliza kama fungu lako la mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering lenye kadi 68, ardhi (kadi za kulipia gharama ya kadi nyingine) zikiwa 22, linafaa mashindano. Sheria inakuruhusu, kwani 60 ni kiwango cha chini tu, lakini unajiumiza. Kadi yako bora ukiwa nayo nakala 4 kati ya 60, unaipata kwenye kadi 7 za mwanzo karibu mara 40 kwa kila 100. Kila kadi unayoongeza inapunguza nafasi hiyo.

Tatizo kubwa zaidi ni ardhi. 22 kwa 68 zinakupa wastani wa ardhi 2.3 tu mkononi mwanzoni, ndiyo maana unakwama na kadi za gharama 4 ambazo huwezi kuzilipia. Toa kadi 10 ulizoweka nakala moja moja, ongeza ardhi 2, ufike 24 kwa 60. Fungu la kushambulia haraka, lenye kadi nyingi za gharama 1 na 2, linaweza kubaki na 22.

Kadi 15 za akiba, zile za kubadilisha na za fungu kati ya michezo ya mechi moja, ziandikie mpango kabla: dhidi ya nani, zipi zinaingia, zipi zinatoka. Mechi ikiisha zirudishe mara moja. Wengi husahau, wanaanza raundi inayofuata na fungu lisilolingana na orodha waliyokabidhi, na adhabu yake inaweza kuwa kupoteza mchezo mzima.

Na visha kadi zote vifuko vipya vya aina moja. Kifuko kilichokunjika kona kinaweza kuhesabiwa kuwa alama ya kuitambua kadi kabla ya kuifunua.