Ng'wandu mmoja, funguo mbili: jinsi Python inavyolinganisha stringi

SWALI: Shikamoo mwalimu. Natunza hesabu za mzigo wa dagaa wa wafanyabiashara pale Mwaloni, Kirumba, kwa programu niliyoiandika kwa Python. Jina la mteja ndilo ufunguo kwenye kamusi, na thamani yake ni magunia aliyoshusha. Kuna mteja anaitwa Ng'wandu, ametokea mara mbili: magunia 14 huku, 9 kule. Nikichapisha, majina yote mawili yanafanana herufi kwa herufi. Nimelinganisha kwa `is`, mara naambiwa True, mara False, hata kwa majina ambayo najua ni yaleyale. Nikaamua kutumia namba za wateja badala ya majina, sasa mteja namba 7 haonekani, wakati kwenye faili yupo. Je, Python yangu ni mbovu? (Msomaji, Igoma, Mwanza)

JIBU: Marahaba. Python yako ni nzima. Una matatizo matatu yaliyokujia kwa pamoja, na kila moja lina chanzo chake. Nitakaa zaidi kwenye la Ng'wandu, maana kwa majina ya Kanda ya Ziwa hilo litakurudia kila wiki usipolizuia mapema.

Acha kuyatazama majina hayo kwa `print`. Kazi ya `print` ni kumwonyesha binadamu maandishi, na macho ya binadamu husamehe mengi. Tumia `ascii()`, ambayo hufichua kila herufi iliyo nje ya zile za msingi 128:

```
for jina in mzigo:
    print(ascii(jina), len(jina))
```

Nina hakika karibu kamili kwamba utaona hivi:

```
"Ng'wandu" 8
'Ng\u2019wandu' 8
```

Ritifaa, ile alama iliyo kati ya g na w, ndiyo iliyotofautiana. Aliyeandika kwenye kompyuta alibonyeza ile iliyonyooka, ambayo namba yake katika Unicode, orodha ya kimataifa ya namba za herufi, ni 39. Aliyetuma orodha kwa simu, au aliyeiandaa kwenye programu ya kuandikia barua, aliwekewa ile iliyopinda, U+2019, kwa sababu programu hizo huigeuza zenyewe bila kuuliza. Kwa msomaji ni jina moja. Kwa intapreta, yaani programu inayoendesha msimbo wako, ni mifuatano miwili tofauti ya namba. Tazama pia alama za nukuu zilizozunguka majina hayo: jina la kwanza limewekewa nukuu za jozi kwa kuwa ndani yake mna ritifaa ya kawaida, la pili limewekewa nukuu moja moja kwa kuwa Python haikuona ritifaa yoyote humo. Dalili hiyo utaipata hata ukitumia `repr()`, nami huiangalia kabla ya kitu kingine chochote.

Ndani ya kumbukumbu tofauti ni kubwa zaidi. Tangu toleo la 3.3 la mwaka 2012, CPython, yaani Python ya kawaida, huhifadhi stringi (mfuatano wa herufi) kwa upana mdogo kabisa unaotosha: baiti 1, 2 au 4 kwa kila herufi, na upana huo ni mmoja kwa stringi nzima. Ng'wandu wa kwanza anatoshea kwenye baiti moja kwa herufi, kwa hiyo herufi zake zinachukua baiti 8. Wa pili ana herufi moja tu inayozidi 255, lakini hiyo moja inazivuta zote nane kwenye upana wa baiti 2, zinakuwa 16. Kwenye faili la UTF-8, namna ya kawaida ya kuandika Unicode kwa baiti, hali ni nyingine tena: wa kwanza ana baiti 8, wa pili 10, maana U+2019 huandikwa kwa baiti tatu.

Sasa kamusi inatafutaje? Inachukua ufunguo wako na kuukokotolea heshi, yaani namba inayotokana na yaliyomo, kisha inakwenda kwenye nafasi ambayo namba hiyo inaelekeza. Ikikuta ufunguo pale, inauliza kwanza kama ni kitu kilekile kilichopo kwenye kumbukumbu. Kama sicho, inaangalia kama heshi ni sawa, na zikiwa sawa ndipo inalinganisha kwa `==`. Kwa stringi, kulinganisha huko ni urefu, upana wa herufi, halafu baiti zenyewe. Hakuna hatua hata moja inayouliza jina linasomekaje. Ng'wandu wako wawili wana heshi tofauti na upana tofauti, hivyo hawana namna ya kukutana. (Usiihifadhi heshi ya stringi kwenye faili kwa matumizi ya baadaye. Tangu 3.3 hiyohiyo inabadilika kila programu inapoanza upya, kwa ajili ya usalama.)

Dawa ni kusafisha ufunguo mlangoni, kabla haujagusa kamusi, na kulihifadhi jina la kuonyesha upande wa thamani:

```
import unicodedata

RITIFAA = dict.fromkeys(
    map(ord, "\u2019\u2018\u02bc\u00b4\u0060"), "'")

def ufunguo(jina):
    jina = jina.translate(RITIFAA)
    jina = unicodedata.normalize("NFKC", jina)
    return " ".join(jina.split()).casefold()
```

Utaratibu wa mistari hiyo una sababu. Wengi hudhani NFKC, njia ya Unicode ya kusanifu herufi, peke yake inatosha, lakini haiigusi U+2019 hata kidogo. Mbaya zaidi, ikikutana na alama ya U+00B4, ambayo watu huibonyeza wakidhani ni ritifaa, huigeuza kuwa nafasi yenye mkazo juu yake, na jina linakatika vipande viwili. Kwa hiyo badilisha ritifaa kwanza, sanifu baadaye. `split()` isiyo na kitu ndani ya mabano huondoa nafasi za ziada, pamoja na ile isiyokatika, U+00A0, ambayo huja na majedwali na kurasa za wavuti. `casefold()` inafanya NG'WANDU na Ng'wandu wawe kitu kimoja. Ijaribu na Nyang'hwale uone: ritifaa yoyote kati ya hizo itatoa ufunguo uleule. Anayeandika Nyanghwale bila ritifaa atabaki peke yake, na nakushauri umwache hivyo, kwa sababu kufuta ritifaa zote ni kuunganisha ng na ng', na kwa Kiswahili na Kisukuma hizo ni sauti mbili.

Kuhusu `is`: hiyo haiulizi usawa. Inauliza kama majina mawili yanaelekeza kwenye kitu kimoja katika kumbukumbu. CPython huweka nakala moja tu ya stringi zilizoandikwa ndani ya msimbo zinazofanana na majina ya vigeu, kwa hiyo `"Kirumba" is "Kirumba"` hutoa True. "Ng'wandu" ana ritifaa, hafanani na jina la kigeu, na katika matoleo mengi hapati upendeleo huo ukimwandika mara mbili kwenye mistari tofauti ya kidokezo (`>>>`). Majina yanayosomwa kwenye faili huundwa upya kila mara, hayo hutoa False hata yakiwa sawa baiti kwa baiti. Tumia `==`. Kwenye Lua, lugha nyingine ya programu, mambo ni tofauti: stringi fupi, zisizozidi baiti 40 katika matoleo ya sasa, huwekwa nakala moja kwa programu nzima, na kulinganisha anwani kunatosha. Hilo hulifanya intapreta yenyewe kwa siri, wewe bado unaandika `==`.

Mteja namba 7 amepotea kwa sababu faili la CSV limekupa `"7"`, stringi, nawe unauliza `7`, namba. Kwa Python hizo ni funguo mbili. Lugha ya PHP ingekubadilishia `"7"` kuwa 7 kimyakimya, ikaiacha `"07"` kama stringi, na ukarimu huo siupendi: unaficha kosa leo na kulileta siku ya kufunga hesabu. Python nayo ina mlango wake mmoja ulio wazi. 1, 1.0 na True ni ufunguo mmoja, kwa kuwa ni sawa kwa `==`, na kanuni ni kwamba vitu vilivyo sawa lazima viwe na heshi moja. Lakini `"7.0"`, kama jedwali lako lilivyoweza kuandika, si `"7"`.

Namba ambayo hutaijumlisha wala kuigawa iwe stringi. Namba ya mteja iandike `"007"` kwa `zfill(3)`, na ya simu ibaki na sifuri yake ya mbele.

Kabla hujaunganisha 14 na 9, pitia kamusi ya zamani na uchapishe kila jozi ya majina ambayo `ufunguo()` imeyaleta pamoja. Ng'wandu ni jina la watu wengi, na inawezekana mmoja ni wa Igombe na mwingine analeta mzigo kutoka Ukerewe. Hilo waulize makarani wa pale Mwaloni. Ikithibitika ni watu wawili, wape namba mbili, jina libaki la kuonyesha tu.

Na unaposoma faili upya, lifungue kwa `encoding="utf-8-sig"`. Majedwali mengine huweka alama ya U+FEFF mwanzoni mwa faili, na bila `utf-8-sig` safu yako ya kwanza itaitwa `'\ufeffjina'`, kisha utapata KeyError (kosa la ufunguo usiopatikana) kwenye neno ambalo unaliona kabisa kwenye kioo.