Baba anashika Mwanzo 24, na mimi nimeshika hiyohiyo

SWALI: Shangazi shikamoo. Mi ni binti wa miaka 26, nauza dagaa mwaloni Kirumba, kwetu Magu na tunasali AIC, kanisa la Africa Inland, tangu enzi za babu. Nina mchumba mwaka na nusu sasa, Mkerewe, fundi mitumbwi, Mkatoliki. Shida ni baba, ameshapata kijana wa kanisani kwetu, mtoto wa mwinjilisti, ng'ombe kumi zimeshatajwa, na kila nikipiga simu nyumbani ananisomea Mwanzo 24, eti Ibrahimu ndo alimtafutia Isaka mke tena akamwapisha mtumishi asilete binti wa Kikanaani, kwaiyo we nani hadi ujitafutie, tena huko visiwani. Basi na mi nikasema ngoja niitumie hiyohiyo, nikaomba ishara kama yule mtumishi, nikamwambia Mungu kama huyu ndo wangu apige simu kabla daladala haijafika Pasiansi, na Shangazi simu ikaita hata Kirumba hatujaimaliza! Nimwambie baba Mungu ameshajibu? Na nikimkataa huyo wa kanisani ntakuwa nimevunja ile amri ya waheshimu baba yako na mama yako?
*Binti wa Mwaloni*

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza nikuulize, huyo fundi anakupigiaga saa ngapi? Maana kama ni jioni ukishafunga meza, basi hiyo ishara ungeipata hata usingeomba.

Ila nimependa mmekutana kwenye sura moja, we na mzee, maana ni sura ndefu, ina mistari 67, na kila mmoja wenu kasoma kipande chake akafunga kitabu.

Tuanze na baba. Kweli Ibrahimu aliapisha mtumishi wake, hilo halina ubishi. Sasa mwombe baba kwa heshima asome mstari wa 8, pale Ibrahimu mwenyewe anamwambia mtumishi kwamba yule mwanamke asipotaka kukufuata, basi kiapo hiki hakitakufunga. Umeona? Mzee mwenye mali zote zile, na ahadi ya Mungu mkononi, aliacha nafasi ya binti kusema hapana. Halafu aende mstari wa 57 na 58. Hapo Labani na Bethueli, kaka na baba wa Rebeka, walishakubali, dhahabu na fedha zilishatolewa, kaka na mama walishapokea vyao, na bado watu wakasema tumwite msichana tumuulize mwenyewe. Rebeka akaulizwa utaenda na mtu huyu, akajibu nitakwenda. Najua kuna watakaosema hapo waliuliza habari ya siku ya kuondoka tu, sawa, lakini kuondoka ndo kuolewa kwenyewe, angegoma pale msafara ungerudi mtupu. We umeulizwa? Kwenye barua yako sijaona mahali ulipoulizwa, nimeona ng'ombe tu.

Hayo ya Mkanaani ndo siyaelewi kabisa. Kanaani walikuwa na miungu yao. Huyu kijana wako amebatizwa, anasali, kosa lake ni kuzaliwa upande wa pili wa maji. Na kama shida ni kabila, Ruthu alikuwa Mmoabi na ametajwa kwenye ukoo wa Yesu, Mathayo 1:5, mstari mmoja na Rahabu wa Yeriko. Ila la dhehebu usilidharau, hapo baba ana hoja. Ndoa mtafunga wapi, watoto watabatizwa wapi, Jumapili mtatoka mlango mmoja au kila mtu na njia yake? Kwa Wakatoliki ndoa ya namna hiyo inahitaji ruhusa ya askofu, kwaiyo nendeni kwa paroko na kwa mchungaji wako mapema, msisubiri kadi za mchango zishagawiwa.

Sasa zamu yako. Yule mtumishi hakuomba simu iite. Aliomba binti ambaye akiombwa maji ya kunywa atasema na ngamia zako nitazinywesha. Ngamia walikuwa kumi! Ngamia mwenye kiu anakunywa hata lita 100, piga hesabu, ni kama madumu 50 ya lita 20, na Rebeka alikuwa anashuka kisimani na mtungi wake na kupanda. Muulize mama yeyote anayepandisha maji kule juu kwenye mawe ya Igogo atakwambia hiyo ni kazi ya namna gani. Ile ishara ilikuwa kipimo cha moyo na mikono, na kupiga simu hakumtoi mtu jasho.

Kwaiyo nakuuliza, fundi wako amebeba madumu mangapi? Mwaka na nusu, ameshafika Magu? Ameshatuma mshenga? Hujaandika, na mi nimekaa kwenye safu hii miaka mingi, kisichoandikwa huwa nakisikia. Soma mstari wa 33, yule mtumishi aliandaliwa chakula akasema sili mpaka niseme nililokuja kusema. Wako amekula dagaa zako mwaka na nusu bila kusema neno kwa wazee. Baba yako anamkataa mtu asiyemjua, na hajamjua kwa sababu mwenyewe hajajitokeza.

Kuhusu amri, kumheshimu baba ni kwenda Magu mwenyewe, sio kwa simu, upitie kwanza kwa shangazi yako au baba mdogo anayesikilizwa, umwambie baba taratibu kwamba yule wa kanisani humtaki. Kukataa ndoa sio kumtukana mzazi. Hata Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya hiari ya wote wawili, ila hiyo usianze nayo mbele ya mzee, utaharibu. Na kijana mpe mwezi mmoja alete mshenga. Asipoleta, hapo jibu umepata, na hata yule wa kanisani bado huna deni naye.

SWALI: Shangazi, niko Sengerema, nimebakiza ng'ombe wanne wa mahari. Baba mkwe anasema Yakobo alisubiri miaka 14 ndo akapewa Raheli, na mi nisubiri. Ni kweli?
*Kijana wa Sengerema*

JIBU: Hapana. Alitumika miaka 7, akaingiziwa Lea, dada yake Raheli, akamaliza wiki moja ya Lea, akapewa Raheli, kisha ndo akatumika 7 mingine. Mwanzo 29:27-30. Yani Raheli aliolewa kwa mkopo, na aliyekopesha ni Labani baba yake, mtu mgumu kuliko baba mkwe wako. Mpelekee mstari pamoja na ratiba ya hao wanne, umeandika na mwezi wa kila mmoja.