Tempo Iligeuza Harusi Ikawa Matanga, Usirudie Kosa Langu

Juzi usiku mwalimu mmoja wa kwaya huko Mbale, Uganda, kanitumia meseji, anasema mwezi ujao wana harusi na bibi harusi anataka kuingia kanisani na ule wimbo wa Handel, mtunzi wa zamani, ambao watu wanauita Largo. "Ndugu yangu, tuupige kwa tempo gani, yaani kasi, na do, ile noti ya nyumbani ya wimbo, tuiweke wapi?" Nikasoma nikaweka simu chini kwanza, maana huo wimbo una kidonda changu na hakijafunga vizuri.

Mimi nimekulia kambini Jinja, baba alikuwa mtu wa bendi, kwetu Kiswahili na ngoma kubwa ndio vilituamsha asubuhi. Kinanda nimejifunzia kanisani, noti nikazisoma mwenyewe mpaka watu wakaanza kuniita niwapigie kwenye harusi zao. Leo nina kikundi, violini nne, selo moja, kibodi na mwimbaji, na najivunia nilipofika kwa sababu hakuna aliyenishika mkono.

Sasa mwaka jana ikaja harusi moja kubwa. Mzee wa kamati akaniambia mwanangu tunataka kitu cha heshima, polepole. Na karatasi niliyokuwa nayo juu imeandikwa Largo kwa herufi kubwa, na Largo ni mwendo mzito wa taratibu sana, basi nikaweka metronomu ya simu, kile kipima mwendo, kwenye 40, yaani mapigo 40 kwa dakika, nikaona nimemaliza. Halafu mwimbaji waliyemleta wao akasema do ikiwa F sauti yake haing'ai, tumpandishie. Nikabonyeza transpozi ya kibodi, kile kitufe cha kupandisha wimbo mzima, mara tatu, tukafika A flati, violini nikawaandikia noti upya usiku uleule. Mazoezi tulifanya mara moja tu.

Siku yenyewe ndio nikajua. Huo wimbo vyombo vinaanza peke yao baa, yaani vipande vya mapigo, zaidi ya kumi kabla mtu hajafungua mdomo, na kila baa ina mapigo matatu, kwa 40 hiyo ni kama dakika nzima. Kanisa lenyewe fupi. Bibi harusi na baba yake wakafika mbele wakasimama, wanaangaliana, sisi bado tunavuta. Mwimbaji akaingia. Noti yake ya kwanza ni "so" ndefu, ya tano kutoka do, unaishika unaikuza taratibu. Nilikuwa namwona kwa pembeni, shingo imekaza, mkono umekunja kitambaa cha gauni, pumzi ikamwishia katikati, akaikata noti na kuvuta hewa kanisa zima likasikia. Violini nao wakaanza kushuka sauti, mmoja mmoja. Senga wa bibi harusi, yaani shangazi yake, kiti cha mbele akamwinamia jirani yake akauliza, kwani nani amekufa?

Hela iliyobaki sikupewa. Mzee akaniambia, tulikuita harusini ukatuletea matanga. Hilo neno nalisikia mpaka leo nikiwasha kibodi.

Nikakaa chini nikautafuta wimbo tangu asili yake, jambo ambalo ningelifanya kabla. Handel aliuandika kwa opera yake Serse, yaani mchezo wa jukwaani wa kuimbwa, ikaonyeshwa London mwaka 1738, na kwenye noti zake aliandika Larghetto, yaani mwendo wa taratibu lakini mwepesi kuliko Largo. Opera yenyewe ilichezwa mara tano tu ikaachwa, halafu karne iliyofuata watu wakaufufua wimbo huu peke yake wakaupa jina la Largo, na jina likawavuta wapigaji wengi nyuma. Mimi nilipiga jina, wimbo wenyewe sikuupiga.

Na maneno yake je? Ni mfalme Xerxes wa Uajemi amesimama chini ya mti anaushukuru kwa kivuli chake. Kabla yake anauombea radi na dhoruba zisiuguse. Hakuna msiba hapo, jamani! Ni raha ya mtu aliyetoka juani. Kila mtu Uganda anakijua kivuli cha mwembe saa nane mchana, boda zimepaki, mtu kavua kofia, basi hiyo ndiyo hisia unayotakiwa kuipiga.

Ufunguo, yaani pale do inapokaa, nao una sababu zake. Handel aliweka F meja. Nyuzi tupu za violini, zile unazopiga bila kubonyeza kidole, ni G, D, A na E, na zote nne zimo ndani ya F meja, kwa hiyo hata kijana anayejifunza ana mahali pa kushikilia tuni, na violini inalia kwa uwazi. Ukienda A flati inabaki G peke yake, vidole vinatafuta gizani. Kibodi haijui shida hiyo, unabonyeza tu, ndio maana wapiga kibodi tunawaumiza wenzetu bila kujua.

Kwa hiyo mwalimu wangu wa Mbale, acha do iwe F. Kama mwimbaji hawezi, tafuta mwimbaji mwingine mapema, usimsikilize mtu anayetaka kung'aa kwenye harusi ya mwenzie. Tempo anzia 60, mimi napenda 63. Soma neno la mwendo ndani ya noti, usisome kichwa cha karatasi, na uwaambie waimbaji maneno yana maana gani kabla hawajaimba hata noti moja. Na ukishaweka tempo usimruhusu mzee wa kamati aiguse, heshima ya harusi haipimwi kwa uzito wa miguu.

Baada ya Pasaka tuliupiga tena, kwenye kwanjula, ile sherehe ya Waganda ya utambulisho kabla ya harusi, huko Mukono, hema limejaa sisi tukawekwa nje chini ya mwembe. F meja, 63. Dada yetu akashika ile "so" mpaka mwisho bila kutetemeka, na mzee mmoja aliyekuwa kasimama juani na fimbo yake akasogea taratibu mpaka kivulini kwetu, akakaa kwenye kasha la selo.